Safari za Kula kwa Familia ya Kijana Aliyepona Saratani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Moshi na Arusha

Majibu haya yameandikwa na mzazi wa Moshi ambaye kijana wake alitibiwa saratani ya damu akamaliza dawa, na ambaye familia yake husafiri huku kaskazini kwa lengo moja tu la kwenda kula. Maswali ni yale ambayo wazazi wenzetu, majirani na ndugu hutuuliza kila tunapokutana nao kliniki, kanisani au sokoni. Palipo na suala la kitabibu, neno la mwisho ni la daktari anayemfahamu mtoto wako.

Kwa nini safari ya chakula, na si kwenda mbugani au pwani kama familia nyingine?

Kwa sababu chakula ndicho kitu ambacho saratani ilituvurugia kuliko vyote. Mtoto anapokuwa kwenye dawa za saratani, kula huacha kuwa starehe na kuwa kazi. Methotreksati humtoa vidonda mdomoni na kooni, vinkristini humfungia choo na kumuumiza taya, dawa nyingine humtibua tumbo hadi harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani inamtapisha, kisha inapoingia zamu ya prednisoloni njaa humvamia kwa fujo kiasi kwamba anawaamsha saa nane usiku akitaka ugali. Wakati huohuo watu wazima wote wanaomzunguka wanahesabu vijiko, kwa upendo na kwa hofu. Bibi anahesabu, shangazi anahesabu, muuguzi anaandika kwenye faili. Matibabu ya saratani ya damu inayowapata zaidi watoto huchukua kati ya miaka 2 na 3, na mtoto aliyeishi hivyo muda wote huo hujifunza kwamba mbele ya sahani kuna watu wanaomsubiri afaulu.

Safari humtoa kwenye meza hiyo. Kwa mama lishe wa Himo hakuna anayemjua kama mgonjwa, hakuna anayemwangalia usoni kuona kama amemeza, na anaulizwa swali ambalo nyumbani halikuulizwa kwa muda mrefu: "Wewe utakula nini?" Jibu lake linafuatwa. Nimeamini kwamba hamu ya kula hurudi pamoja na haki ya kuchagua, na kwa kijana wetu haki ndiyo iliyotangulia.

Kwani mtoto akipata saratani anapona kweli?

Anapona, na tunaomba jambo hili lisemwe wazi mbele za watu. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini wanaopona hawafiki asilimia 30, na sababu kubwa ni kuchelewa kugunduliwa, kukosekana kwa dawa na familia kuacha matibabu njiani. Haina maana kwamba ugonjwa wetu ni mwingine. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba tunampeleka mtoto kutembea "kabla mambo hayajaharibika", tunamjibu kwa heshima kwamba tunampeleka kutembea kwa sababu amepona.

Tusubiri muda gani baada ya dozi ya mwisho ndipo tuanze kusafiri?

Hakuna tarehe moja inayowafaa wote. Kinga ya mwili baada ya matibabu ya saratani ya damu huchukua miezi kadhaa kurejea, mara nyingi kati ya 6 na 12, na watoto wengi huendelea kumeza septrini kwa sehemu ya kipindi hicho ili kuzuia homa ya mapafu. Mwulize daktari mambo mawili ya wazi: idadi ya chembe nyeupe aina ya neutrofili ikoje sasa, na je, mtoto ameruhusiwa kula chakula kilichopikwa nje ya nyumba? Neutrofili zikiwa chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya maambukizi na mahali pake ni nyumbani au hospitalini, hata kama anaonekana mchangamfu.

Sisi tulianza na safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ndani ya umbali ambao tungeweza kurudi Moshi kabla ya giza. Utaratibu huo ninausifu bado, kwa sababu ulitutuliza sisi wazazi, na mzazi mwenye wasiwasi haonji chakula wala hamwachi mtoto aonje.

Tukiwa Moshi, tuanzie wapi?

Anzieni mlimani, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, cha mtu mnayemfahamu, na anzieni na mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Ninajua kwamba mtori unapatikana mjini kila kona ya stendi, lakini mtori wa mjini unaletwa ukiwa tayari kwenye bakuli, na kwa kijana aliyetoka kwenye ugonjwa nusu ya raha ipo kwenye kuuona unavyofikia bakuli. Kule Marangu kwa bibi yake alikwenda mwenyewe mgombani, akaonyeshwa mkungu uliokomaa wa mshare, aina ya ndizi za kupika, akapewa kisu na mafuta kidogo ya kupaka viganjani ili utomvu usimng'ang'anie. Ndizi zilizomenywa hutupwa ndani ya maji zisiwe nyeusi. Nyama yenye mifupa huwa imeshachemka muda mrefu pembeni, na ndizi huingia kwenye mchuzi wake pamoja na kitunguu, zikaiva hadi zinakatika kwa kuguswa. Hapo mifupa hutolewa na kazi ya kuponda huanza. Bibi alimkabidhi mwiko. Aliponda huku jasho likimtoka, akaongezewa maziwa yaliyochemshwa, akaponda tena, kisha akala akiwa amesimama palepale jikoni kabla ya wengine kukaribishwa. Hakuna aliyemwambia aongeze, alijipakulia mwenyewe.

Mtori una faida nyingine kwa wale ambao mdomo na koo havijapona sawasawa: ni laini, hauna pilipili, na umebeba nyama bila mtoto kulazimika kuitafuna. Wachaga humpikia mama aliyejifungua, na kwa maoni yangu aliyetoka wodini anastahili heshima hiyohiyo.

Baada ya hapo panueni mduara taratibu. Upande wa tambarare kuna mashamba ya mpunga ya Chekereni na Mabogini, ambako mtoto anaweza kuona mchele wa sahani yake ukiwa bado shambani. Kusini zaidi kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu na perege wake, ambao wakikaangwa saa chache baada ya kuvuliwa hawahitaji chochote zaidi ya chumvi na ndimu. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, mtavikuta kwa wenyeji zaidi kuliko hotelini, kwa hiyo mkialikwa msikatae.

Na wakazi wa Arusha je?

Mna bahati ya kuwa katikati ya majiko mengi. Tengeru ipo karibu, na soko lake la Jumamosi hujaa ndizi, maparachichi na mboga za Meru kiasi kwamba mtoto anaweza kupewa kikapu na fedha kidogo, akaambiwa anunue kile ambacho jioni kitapikwa. Kwa Wameru na Waarusha kuna loshoro, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa yakachanganywa na maziwa mgando, chakula chenye uchachu kidogo ambao vijana wengi waliopoteza ladha huupenda. Ulizeni tu kwa adabu kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

Mkiwa tayari kwa siku nzima, nendeni Mto wa Mbu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo watu wa makabila mengi wamekutana kwa ajili ya maji na ardhi yenye rutuba. Mchele wa huko unajulikana nchi nzima, na ndizi zake nyekundu hupangwa barabarani kwa wingi. Kijana wetu alisimama mbele ya meza ya mama mmoja akasema, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu, onja kwanza," akakata moja kutoka kwenye chane iliyolainika. Ganda lilikuwa jekundu lililoelekea zambarau, na ndani nyama ya krimu iliyokolea. Akala polepole, akiangalia chini, kisha akauliza kwa nini hii ni tamu kuliko ya nyumbani, na mama yule akaacha wateja wengine akamweleza habari za udongo, maji na kuvuna kwa wakati. Walizungumza kama wataalamu wawili. Katika wodi kila mtu alizungumza naye kuhusu damu yake. Pale alizungumziwa ndizi.

Angalizo moja kwa upande huu: maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Bebeni maji mnayoyaamini, hasa kwa watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanaundwa.

Ni vyakula gani vya njiani tuviepuke?

Katika mwaka wa kwanza baada ya dawa sisi tulikuwa wakali, na ukali huo ndio uliotupa uhuru kwenye mambo mengine. Hatukumpa maziwa mabichi wala mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, nyama yenye wekundu ndani, mayai ambayo kiini chake bado kinatiririka, juisi iliyowekwa barafu isiyojulikana maji yake, wala kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi. Kisusio, ambacho kina damu ya mbuzi, tulikiacha kabisa, ingawa wazee walisikitika kwa sababu kwao ni chakula cha kumpa mtu nguvu. Tuliwaeleza kwamba daktari ameomba asubiri, na jina la daktari lilimaliza mazungumzo bila kumvunjia mtu heshima. Mbege ni pombe na haimhusu mtoto, hata kwa kuonja. Kama bado anameza dawa, ulizeni pia kuhusu mabalungi, kwa sababu hubadilisha namna baadhi ya dawa zinavyofanya kazi mwilini.

Vinavyobaki ni vingi na ni vitamu. Mahindi ya kuchoma yaliyotoka kwenye makaa muda huohuo, ndizi za kuchoma, mishkaki iliyoiva hadi ndani, wali unaofuka mvuke, chapati iliyotoka kwenye chuma, na tunda lolote ambalo mtaliosha na kulimenya wenyewe. Kanuni yetu ni kwamba chakula kinachoondoka motoni mbele ya macho yetu kinaliwa, na kilicholala kwenye kabati la kioo hakiliwi.

Mtoto anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Tufanyeje?

Hali hiyo ni ya kweli, si deko, na kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita baada ya matibabu. Aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni anaweza kubaki na mdomo mkavu kwa muda mrefu zaidi, na huyo anahitaji mchuzi mwingi na maji karibu yake. Kwa wengine uchachu husaidia: ndimu kwenye samaki, ukwaju, embe bichi lenye chumvi, tangawizi kwenye chai. Ila mdomo ukiwa bado na vidonda, vichachu vyote visubiri. Vijiko vya chuma huzidisha ladha ile mbaya, na hapo desturi yetu ya kula kwa mkono ni msaada mkubwa. Mruhusu anawe vizuri kwa sabuni, ale kwa mkono kila chakula kinachoruhusu. Vyakula vya vuguvugu au baridi havitoi harufu kali kama vya moto, jambo linalofaa kukumbukwa kwa mtoto anayetapishwa na harufu.

Tunasikia sukari hulisha saratani, na kwamba majani ya mstafeli huiponya. Ninyi mnasemaje?

Seli zote za mwili hutumia sukari, na kumnyima mtoto aliyekonda keki ya siku yake ya kuzaliwa hakuui saratani. Kiasi kinahitajika kama kwa mtoto mwingine yeyote. Tunda la mstafeli ni zuri na mtoto aliyemaliza matibabu anaweza kulifurahia, lakini hakuna ushahidi kutoka kwa wagonjwa kwamba majani yake hutibu saratani, na yapo madai mengi ya namna hii yaliyowachelewesha watoto hadi ugonjwa ukaenea. Ninaliandika hili kwa uchungu.

Je, ni salama watoto wengine kula naye sinia moja?

Saratani haiambukizwi kwa sinia, kikombe, mate wala jasho. Palipokuwa na hatari, ilikuwa ni yeye kuambukizwa mafua au tumbo la kuendesha kutoka kwetu, na ndiyo maana kinga yake ilipokuwa chini alikuwa na sahani na kijiko chake. Daktari alipoturuhusu, tulimrudisha kwenye sinia na binamu zake siku hiyohiyo, na mikono ikagombania nyama kama zamani. Ukiona mzazi mwenzako anamvuta mtoto wake pembeni, mweleze bila hasira.

Ndugu zake ambao hawakuugua wana nafasi gani?

Nafasi sawa, na nisingependa familia yoyote ilichukulie jambo hili kwa wepesi. Mtoto mmoja anapolazwa kwa miezi, wengine hulelewa na shangazi na majirani, huambiwa wasisumbue, husikia kila simu ikiulizia hali ya mwenzao, na hujifunza kuficha homa zao ndogo. Binti yetu alikuwa darasa la pili kaka yake alipoanza matibabu. Kwa hiyo katika safari zetu kuna zamu ya kuchagua, na zamu haipinduliwi. Zamu yake ilipofika mara ya kwanza alichagua chipsi mayai katika kibanda kimoja cha Arusha, wakati sisi tulikuwa tumejiandaa kwa kitu cha asili zaidi. Tulikula chipsi mayai. Alikaa katikati yetu, akaagiza kwa sauti ya mtu mzima, akamkumbusha mpishi kwamba ya kaka yake ikauke vizuri kwa sababu mayai yake lazima yaive.

Na kama tumesafiri mbali, tumefika, halafu hataki kula?

Kuleni ninyi. Msimbembeleze, msimlaumu, na msimtajie nauli. Mfungieni chakula kama kinaweza kukaa salama, la sivyo kiacheni. Mara nyingine ataonja mwishoni, mara nyingine atakunywa soda tu na kuangalia watu.

Anaweza kutembea na kupanda milima njiani?

Hutegemea alitibiwaje. Doksorubisini na dawa nyingine za saratani za kundi lake zinaweza kudhoofisha moyo, wakati mwingine miaka mingi baadaye, hivyo aliyepewa dawa hizo apimwe moyo kabla ya mwendo mrefu wa kupanda. Vinkristini huacha ganzi na udhaifu miguuni, na mtoto hujikwaa kwenye njia za mawe. Aliyetolewa figo moja kwa sababu ya saratani ya figo anywe maji ya kutosha na asipewe diklofenaki au dawa nyingine za maumivu bila ushauri. Aliyetolewa bandama huumwa malaria vibaya zaidi, na maeneo ya tambarare kama Nyumba ya Mungu na Mto wa Mbu yanahitaji chandarua na tahadhari zote.

Tubebe nini?

Kipima joto, sabuni, maji, dawa zake, na muhtasari wa matibabu ulioandikwa na hospitali. Joto likifika nyuzi 38 safari imekwisha. Nendeni kwenye kituo cha afya mara moja na mwonyesheni daktari muhtasari huo.

Gharama je? Sisi hatuna gari wala fedha za hoteli.

Familia nyingi zilizopita kwenye saratani zimeuza vitu, nasi tumo. Safari hizi hazihitaji hoteli. Nauli ya daladala hadi Marangu au Tengeru na sahani moja moja kwa mama lishe inatosha, na kama siku hiyo haitoshi, nendeni soko la Mbuyuni hapa Moshi mkapike mlichokichagua. Kinachogharimu zaidi ni kuondoka asubuhi kabla magari hayajajaa, kwa sababu mtoto wa namna hii asibanwe kwenye msongamano wa watu wanaokohoa.

Tunahudhuria kliniki KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, au Dar es Salaam. Inafaa kuunganisha kliniki na safari ya chakula?

Inafaa, kwa sharti kwamba chakula kisigeuzwe zawadi ya kuchomwa sindano. Siku ya kliniki ina hofu yake, na kijana anayesubiri majibu ya damu mara nyingi tumbo lake limefunga. Usimpeleke mahali alipopapenda sana ukamharibia. Sisi tukienda KCMC tunakula kitu cha kawaida tu na kurudi nyumbani.

Kwa wanaokwenda hospitali za Ocean Road au Muhimbili, Dar es Salaam, hali ni tofauti, kwa kuwa njia ni ndefu na wanalazimika kula popote. Ukirudi kwa basi, Mombo ni mahali pazuri pa kununua mapeasi na plamu zinazoteremshwa kutoka Lushoto, na ukipitia njia ya Tanga kuna machungwa ya Muheza, ambayo yana ganda lake na hayahitaji kuaminiwa mkono wa mtu mwingine. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejeshwa hadi Moshi mwezi Desemba 2019 na hadi Arusha mwaka 2020. Ulizeni ratiba stesheni mapema, kwa maana haiondoki kila siku. Mtoto anaweza kujinyoosha na kutembea ndani ya behewa, jambo ambalo basi halimpi. Chakula cha jioni cha kula ndani ya treni kipikwe nyumbani mlikofikia, kifungwe kikiwa cha moto, kiliwe mapema. Asubuhi mkishuka Moshi, supu ya stendi itakuwa inachemka; hakikisheni tu imeletwa ikiwa bado inatoa mvuke.